Bawaba za Milango ya Trela la Kambi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Trela langu nililitengeneza mwenyewe uani, hapa Tanga: fremu ya skwea paipu, kuta za plaiwudi zilizofunikwa kwa alumini, milango miwili ya pembeni na kifuniko kikubwa cha jiko nyuma. Limelala ufukweni Ushongo, limepanda Lushoto, limetikiswa kwenye mawe ya njia ya Amani. Kila linapoegeshwa watu huja kulitazama, na baada ya godoro na jiko mkono huenda kwenye bawaba: hizi umezitoa wapi, mbona hazina kutu? Majibu nimeyaweka hapa, kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayomhusu mtu mmoja mmoja. Kama una haraka, soma swali la 5 na la 13 kabla hujaenda dukani.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwa nini nisitumie bawaba za mlango wa nyumba?

Mlango wa nyumba hufanya kazi unapofunguliwa na kufungwa, basi. Mlango wa trela hufanya kazi safari nzima, hata ukiwa umefungwa, kwa sababu kila shimo la barabarani linaurusha juu na kuudondosha tena. Bawaba ya kawaida ya nyumbani ni bamba jembamba lililokunjwa kuizunguka pini, na kati ya bamba na pini huwa pana upenyo kidogo. Nyumbani upenyo huo hauna neno. Barabarani unapanuka siku hadi siku, mwisho mlango unagonga kama mtu anayebisha hodi.

Zangu za kwanza zilikuwa hizo, zenye rangi ya dhahabu, kwa kuwa zilipendeza na bei yake ilikuwa nafuu. Masika moja ilitosha. Rangi ilibanduka, pini zikavimba kwa kutu, na mlango wa kushoto ukawa haufunguki bila kuvutwa na watu wawili.

2. Rafiki yangu wa Dodoma anatumia bawaba za bei rahisi na hazijaoza. Kwa nini huku kwetu zinaoza?

Chumvi. Upepo wa bahari hubeba chembe ndogo za maji ya chumvi na kuziacha juu ya kila chuma. Chumvi nayo huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma kinabaki na majimaji hata siku ambayo mvua haijanyesha wala hukukiosha. Kusi likivuma, anayekaa Raskazone au Mwambani akipitisha kidole kwenye kioo cha dirisha asubuhi anaisikia chumvi. Ukienda bara kidogo, Muheza kwa mfano, hali ni tofauti kabisa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei. Mvua husaidia, maana husuuza chumvi iliyo juu. Isichoweza kusuuza ni chumvi iliyojificha ndani ya viviringo vinavyoishika pini. Ndiyo maana unaona bawaba inang'aa kwa nje huku pini yake imekwisha. Vivyo hivyo, trela linalowekwa chini ya kibanda karibu na bahari halipati mvua ya kulisuuza, wakati upepo wa chumvi unalifikia kila siku. Hilo linahitaji maji ya bomba kuliko lile linalokaa wazi.

3. Bawaba inabeba uzito gani hasa?

Watu hupima uzito wa mlango na kuishia hapo, lakini kinachoua bawaba ni kule kuvutwa kwa pembeni. Chukua mlango wa sentimita 70 kwa 120. Plaiwudi ya milimita 12 ina kama kilo 6, bati la milimita 1 lina kilo 6 na nusu, fremu ya skwea paipu kilo 4 hivi. Weka dirisha na kitasa, unakaribia kilo 20.

Uzito huo unakaa katikati ya mlango, sentimita 35 kutoka kwenye bawaba. Bawaba ya juu inavutwa nje, ya chini inasukumwa ndani. Ukiziachanisha sentimita 90, hesabu ni 20 mara 35, gawanya kwa 90: kama kilo 8 za kuvuta kwenye bawaba ya juu. Ukizisogeza zikaachana sentimita 45 tu, mvuto unakuwa kilo 16 kasoro. Bawaba zilezile, mlango uleule, mzigo mara mbili. Na hiyo ni hesabu ya mlango ulio wazi trela likiwa limesimama. Kwenye makorongo zidisha mara kadhaa.

Basi umbali kati ya bawaba ni nguvu unayoipata bila kulipia. Wengi huiacha hapohapo na kwenda kununua bawaba nene zaidi.

## Chuma gani

4. Nikiambiwa "stenlesi 304" na "stenlesi 316", tofauti ni nini?

Zote zina kromiamu na nikeli. Ya 316 imeongezewa molibdenamu, kama asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayoisaidia kustahimili chumvi ya bahari. Ya 304 karibu na maji hutoa madoa ya kahawia kama ya chai. Madoa hayo kwa kawaida ni ya juujuu, yanasuguliwa yakaondoka, na bawaba ya 304 inayooshwa mara kwa mara itakutumikia miaka mingi.

Ushauri wangu: ukipata 316 kwa wauza vifaa vya boti, chukua. Usipoipata, 304 yenye pini ya 304 ni bora kuliko 316 yenye pini ya chuma cha kawaida. Usikubali kuuziwa jina la bamba ukasahau pini.

5. Nitajuaje dukani kama stenlesi ni ya kweli?

Nenda na sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu ya redio. Igusishe kwenye bamba: 304 na 316 hazivutwi, au huvutwa kidogo sana. Kisha, na hapa ndipo wengi hawafiki, igusishe kwenye ncha ya pini. Nimeshika bawaba nyingi ambazo bamba lake halivutwi kabisa, lakini sumaku ikifika kwenye pini inang'ang'ania. Hiyo ni pini ya chuma cha kawaida iliyong'arishwa, na huku pwani itaoza ikiwa ndani, mahali usipopaona.

Angalizo mbili. Stenlesi iliyokunjwa au kuvutwa sana kiwandani hupata usumaku kidogo, kwa hiyo mvuto hafifu kwenye mkunjo usikutishe; tafuta ule mvuto wa nguvu. Pili, kuna stenlesi ya daraja la 430 inayovutwa kabisa na sumaku. Ni stenlesi kweli, hutumika kwenye vyombo vya jikoni, ila kwa chumvi haiwezi kama 304.

Baada ya sumaku, shika mabamba mawili na uyachezeshe juu na chini kwenye pini. Yakicheza yakiwa mapya, achana nayo.

6. Na zile zilizopigwa zinki? Bei yake ni nzuri.

Zinki ziko za namna mbili na muuzaji hatakutofautishia. Ya kwanza hupakwa kwa umeme: laini, inang'aa, huenda ina rangi ya samawati au njano kwa mbali, na unene wake ni mikroni 5 hadi 12 tu (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ya pili bawaba huchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka: kijivu, inakwaruza mkono na ina vijidonge, na unene hufika mikroni 45 hadi 85. Karibu na bahari zinki huliwa kati ya mikroni 2 na 8 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe.

Zilizochovywa nazikubali kwa trela la chuma tupu, hasa bawaba nene za geti. Zina sifa nzuri: hata zikikwaruzwa, zinki ya kando huliwa kwanza kabla ya chuma. Zile zinazong'aa ziache kwa makabati ya ndani.

7. Shaba ya njano je?

Haishiki ile kutu nyekundu na inapendeza. Lakini ni laini. Pini ya shaba ikitikiswa kwenye barabara ya kokoto inalika ikawa na umbo la yai. Kwa sanduku la vyombo ni sawa, kwa mlango mkubwa hapana.

8. Nimesikia stenlesi "inakula" alumini. Ni kweli?

Ni kweli, na trela langu lina alama yake. Metali mbili tofauti zikigusana na katikati pakawa na maji ya chumvi, zinafanya kazi kama betri ndogo, na iliyo dhaifu ndiyo inayoliwa. Kati ya stenlesi na alumini, anayeliwa ni alumini. Utaona unga mweupe kuizunguka bolti, baadaye tundu linapanuka, mwisho bolti imebaki imara na ukuta umeondoka.

Dawa ni kuzitenganisha. Kata kipande cha plastiki kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula, kwa umbo la bamba la bawaba, kiweke katikati. Kata na washa ndogo za plastiki hiyohiyo. Kisha ziba kingo kwa silikoni ili maji yasiingie. Silikoni yenyewe uichague: ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka na huchochea kutu, hivyo tafuta isiyo na harufu hiyo. Mimi nilitumia ya siki mara ya kwanza, na pale nilipoibandua alumini ilikuwa na vishimo.

## Aina za bawaba

9. Ni aina ipi inafaa mlango wa pembeni?

Kwa mlango wa fremu ya chuma, bawaba za bushi, zile za mviringo ambazo mafundi wa mageti huzichomelea. Zina pini nene, huchukua grisi, na mlango unaweza kunyanyuliwa ukatoka ukitaka kuupaka rangi. Kwa kuwa mlango unanyanyuka, barabarani nao unaweza kujinyanyua, kwa hiyo weka kizuizi juu yake, hata kipande kidogo cha flati baa kilichofungwa kwa bolti.

Kwa mlango wa plaiwudi, bawaba za mkono mrefu unaolala juu ya mlango hugawa mzigo kwenye eneo kubwa la ubao. Bawaba fupi pana, za kawaida, zinafaa zikiwa nene milimita 3 au zaidi na zimefungwa kwa bolti (swali la 13).

10. Kifuniko cha jiko nyuma kinahitaji bawaba gani?

Hapa ndipo bawaba ndefu, ile inayokwenda kutoka pembe hadi pembe, inastahili fedha yake. Kifuniko ni kipana, chepesi na kinapinda; bawaba ndefu inakishika kote kikabaki kimenyooka.

Ubaya wake ni mbili. Ina viviringo vingi mno, na kila kimoja ni kinywa cha kumeza chumvi na vumbi. Pia haizuii maji: mvua ya masika itapita kwenye pini moja kwa moja hadi kwenye unga wa ugali. Mimi nimebandika ukanda wa mpira kutoka paani unaoifunika bawaba yote na kuning'inia sentimita 5 chini yake. Umeshikwa upande wa juu tu, kifuniko kikifunguliwa unajikunja wenyewe. Wapo wanaotumia ukanda wa alumini wenye mkunjo unaoingia kwenye mkunjo mwenzake, bila pini kabisa. Huo unazuia maji vizuri sana, ila uusafishe mchanga, la sivyo unajisaga.

Shoki za gesi za kukinyanyua kifuniko huisukuma bawaba muda wote kikiwa kimefungwa. Kama ni za boneti ya gari, usichukue za gari zito kuliko kifuniko chako.

11. Milango ya nakshi ya Pangani na Bagamoyo imesimama miaka mingi bila bawaba za chuma. Siwezi kuiga?

Swali hili nalipenda. Ile milango huzunguka kwenye ncha za mbao zilizochongwa juu na chini ya ubao wenyewe, zikakaa kwenye matundu ya kizingiti na boriti ya juu. Uzito wote unashuka chini kwenye kizingiti, hakuna skrubu inayovutwa, hakuna chuma cha kuoza. Kwa akili ya ufundi ni bora kuliko bawaba.

Lakini nyumba hairuki. Kwenye trela ncha ya chini hutoka tunduni likipita tuta, na tundu lenyewe hukusanya maji na mchanga. Nimeiga kwa kabati la ndani tu, kwa bolti mbili za milimita 8 badala ya ncha za mbao, na kabati hilo halijawahi kulegea. Somo la kuchukua kwa mlango wa nje ni moja: acha uzito ushuke. Weka kipande kidogo cha plastiki ngumu kwenye kizingiti, upande wa kitasa, ili mlango ukifungwa uketi juu yake badala ya kuning'inia.

## Kufunga

12. Bawaba ngapi kwa mlango mmoja?

Mbili zilizoachana vizuri kwa mlango mfupi wa hadi mita 1. Tatu ukizidi hapo au ukiwa wa plaiwudi inayopinda. Ya juu na ya chini ziwe sentimita 12 hadi 15 kutoka kwenye pembe. Ya tatu wengi huiweka katikati kabisa. Mimi huisogeza karibu na ya juu, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la 3.

13. Skrubu au bolti?

Bolti, tena zipite upande wa pili. Kwa milango iliyong'oka niliyoitazama, mara nyingi bawaba ilikuwa nzima. Skrubu ndizo zilizochomoka kwenye ubao uliolegea kwa maji. Skrubu hushika nyuzi chache za mbao, na mtikisiko unazisaga.

Tumia bolti za milimita 6, nyuma weka flati baa ndefu badala ya washa ndogo, na nati zenye duara la plastiki ndani ambazo hazilegei kwa kutikiswa. Kabla ya kufunga kwenye plaiwudi, toboa tundu kubwa zaidi, lijaze gundi ya epoksi, liache likauke, kisha utoboe tena tundu la bolti katikati ya epoksi. Kazi hiyo huchukua siku nzima ya ziada. Ifanye. Maji hayatagusa mbao tena mahali hapo.

Kwa ukuta mwembamba wa bati usiofikika nyuma, ribiti za stenlesi zinaweza, lakini si ribiti za alumini kwa mlango unaobeba uzito.

14. Nimefunga bawaba tatu nzuri na mlango bado ni mgumu. Kosa liko wapi?

Pini haziko kwenye mstari mmoja. Bawaba tatu zisipolingana, kila moja inataka kuzunguka kwenye njia yake, na mlango ukilazimishwa, pini zinalika upande mmoja. Funga uzi kutoka bawaba ya juu hadi ya chini ukipita katikati ya pini. Ya kati iuguse uzi bila kuupinda. Au, kama fundi wangu alivyonifundisha, pitisha nondo moja iliyonyooka kwenye bawaba zote za bushi, chomelea zikiwa juu ya nondo hiyo, kisha uichomoe.

15. Naweza kuchomelea bawaba za zinki au stenlesi?

Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe. Ukiuvuta, jioni unaweza kupata homa, kutetemeka na kifua kubana, mfano wa malaria. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, lakini kifua kikizidi kubana nenda hospitali. Maziwa wanayokunywa mafundi wengi hayazuii hilo. Kinachozuia ni kuikwangua zinki kwa grenda sentimita kadhaa kuzunguka sehemu ya kuchomelea, kufanya kazi mahali penye upepo, na kuvaa barakoa ya moshi wa kuchomelea. Baada ya hapo paka rangi yenye zinki, maana sehemu iliyoungua haina kinga tena.

Stenlesi inahitaji fimbo zake za stenlesi, na moshi wake nao ni mbaya kwa mapafu. Usichomelee karibu na pini yenye grisi. Mara nyingi bolti ni njia bora, na siku ya kubadilisha utafurahi.

16. Bawaba ziwe upande wa mbele au wa nyuma wa trela?

Mbele. Kitasa kikifunguka ukiwa barabarani, upepo unausukuma mlango urudi kufunga. Bawaba zikiwa nyuma, upepo huohuo unaung'oa. Mlango mkuu uuweke kushoto, ili ukisimama kando ya barabara ushukie upande wa nje ya magari.

## Matunzo na matatizo

17. Nipake mafuta gani?

Usipake oili chafu ya injini wala mafuta ya kupikia. Ya kwanza ina uchafu wa kusaga chuma, ya pili huganda kama gundi. Kwenye bawaba za bushi tumia grisi ya boti, nyingi, hadi ichungulie nje na kuzuia maji. Kwenye bawaba ndogo, hasa safari za vumbi, grisi ikichanganyika na vumbi inakuwa kama msasa. Huko tone la mafuta mepesi linatosha, ulifute la juu.

La muhimu kuliko mafuta ni maji matamu. Kila nikitoka Ushongo au Saadani, bawaba ndizo naziosha kabla ya kitu kingine, mlango ukifunguliwa na kufungwa huku maji yanapita kwenye pini. Zikikauka, ndipo mafuta.

18. Mlango umeshuka upande wa kitasa. Nianzie wapi?

Fungua mlango nusu, unyanyue kwa mkono, mwenzako atazame bawaba ya juu. Pini ikicheza ndani ya viviringo, bawaba imekwisha. Bamba zima likisogea, bolti zimelegea au mbao imeoza (swali la 13). Visiposogea vyote viwili na mlango bado uko chini, fremu yenyewe imepinda, na hapo bawaba mpya hazitakusaidia kitu.

19. Pini imeganda kwa kutu. Nigonge?

Usigonge kwanza. Weka mafuta ya kupenyeza, acha usiku kucha, asubuhi chezesha mlango kidogo kidogo. Ikilegea, ujue umeahirisha tu. Agiza bawaba nyingine. Nati ya stenlesi iliyong'ang'ania kwenye bolti ya stenlesi ni tatizo jingine, maana metali hizo hushikana zenyewe zikikazwa kwa haraka. Hiyo ikatwe, na mpya uipake grisi kabla ya kuikaza polepole kwa mkono.

20. Pini iko nje. Mwizi si ataitoa?

Anaweza. Gongelea ncha za pini zipanuke, au weka nukta ya kuchomelea upande wa chini tu. Kinga imara zaidi ni kufunga bolti mbili fupi kwenye ukingo wa mlango upande wa bawaba, ziingie kwenye matundu ya fremu mlango ukifungwa. Hata pini ikitolewa, mlango hautoki.

21. Nataka kuning'iniza tairi la akiba kwenye mlango wa nyuma. Bawaba gani itabeba?

Usiitafute. Tairi na rimu yake huweza kufika kilo 20 na zaidi, kwa hiyo mlango wa swali la 3 unakuwa na uzito mara mbili, na uzito wenyewe unakaa nje ya mlango, ukivuta kinyumenyume kwenye kila tuta. Tengeneza mkono wake wa skwea paipu nene unaojitegemea, uliokaa kwenye ekseli fupi na beringi za kitovu cha gurudumu, uchomelewe kwenye chasisi yenyewe. Mkono huo uupe komeo lake. Mlango uubakishe na uzito wake.